Kutu Ndani ya Tangi la Pikipiki Kuukuu



Msimu wa karafuu haumngojei mtu. Vishada vikianza kuacha rangi ya kijani na kuingia wekundu, siku za kuchuma huwa chache, na ua likishafunguka thamani ya karafuu imekwisha kupungua. Katika siku hizo pikipiki hufanya kazi kubwa: hupeleka chakula cha wachumaji, hurudisha pishi za jioni, hukimbia mjini kutafuta magunia na majamvi. Ikisimama njiani kwa ajili ya uchafu wa kutu, hasara si ya pikipiki peke yake. Ni ya karafuu iliyobaki mtini.

Wanachama wengi wamerithi pikipiki za zamani. Wengine wana BSA Bantam, iliyotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1948 hata 1971. Wengine wana Honda ndogo za namna ya Super Cub, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1958. Injini za pikipiki hizi ni rahisi kuzielewa na huweza kudumu sana zikitunzwa. Walakini matangi yake ni ya bati la chuma, na chuma katika visiwa vyetu kina adui wawili wasiolala: unyevu na chumvi ya bahari. Somo letu la leo ni namna ya kuliponya tangi lililoota kutu, na zaidi ya hayo, namna ya kulifanya jambo hili bila ya mtu kuungua.

KUTU HUTOKA WAPI?

Watu huuliza, "Petroli si maji, mbona tangi lioze ndani?" Jawabu ni hili. Kutu huzaliwa pale chuma, maji na hewa vinapokutana. Chumvi ikiingia kati, kazi huenda mbio zaidi. Tangi lililojaa petroli halina nafasi ya hewa, basi kutu haipati pa kuanzia. Lakini tangi lililo nusu lina hewa juu ya petroli, na hewa yetu ina unyevu mwingi. Usiku bati linapopoa, unyevu ule hushika ndani ya tangi kama umande unavyoshika majani. Matone huteremka na kupita chini ya petroli, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli: lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na lita moja ya petroli haifiki hata robo tatu na nusu ya robo ya kilo. Maji yale hukaa chini kabisa, pembeni mwa koki na katika maungio ya bati. Ndiyo sababu tangi hutoboka chini kwanza, mahali ambapo mwenyewe haoni.

Katika BSA Bantam mafuta ya injini huchanganywa pamoja na petroli. Mafuta hayo huacha utando mwembamba juu ya bati na kuizuia kutu kidogo. Lakini pikipiki ikikaa miezi mingi bila ya kutembea, utando huo haufui dafu. Katika Honda petroli ni tupu, haina mafuta, basi tangi lake lataka uangalizi zaidi.

DALILI ZAKE

Dalili ya kwanza ni injini kuwaka vizuri asubuhi kisha kuzimika baada ya mwendo mfupi, na ikipumzishwa huwaka tena. Maana yake, chembe za kutu zimekusanyika katika chujio la koki na petroli haiteremki ya kutosha. Dalili ya pili ni kabureta kufurika, kwa kuwa chembe imekaa chini ya sindano ya boya na kuizuia isifunge. Dalili ya tatu ni rangi ya nje kufura kama lengelenge upande wa chini wa tangi. Hapo kutu imekwisha kutoka ndani hata nje, na tundu li karibu.

Njia ya kuhakikisha ni nyepesi. Toa petroli kidogo kwa koki, uitie katika chupa nyeupe, uiache itulie. Vumbi jekundu chini ya chupa ni kutu. Tone linalojiviringisha chini kama lulu ni maji.

SOMA HAPA KABLA YA KUSHIKA SPANA

Petroli yenyewe haiwaki. Unaowaka ni mvuke wake. Mvuke huo ukichanganyika na hewa, hata ukiwa sehemu mbili tu katika mia, unatosha kulipuka. Kwa hiyo tangi tupu ni la hatari kuliko tangi lililojaa. Mvuke ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini, huingia mlangoni, hufika jikoni, na moto hurudi nao mpaka kwenye tangi.

Basi yashike haya. Fanya kazi nje, penye upepo, mbali na jiko, sigara, taa ya moto na banda la kukaushia karafuu kwa moto. Fungua waya wa betri kwanza. Watoto wasikaribie. Petroli chafu iweke katika dumu lenye mfuniko; usiimwage karibu na kisima wala chini ya mkarafuu. Na usilete petroli penye magunia, kwa kuwa karafuu hushika harufu upesi, na gunia lililonuka petroli halifai kupelekwa sokoni.

Tena, na hili ndilo kubwa: usimpe mtu yeyote tangi alichomelee kwa moto kwa kuwa tu "limekaa juani siku mbili na halinuki". Petroli hujificha ndani ya kutu na katika maungio ya bati. Moto ukiligusa, bati hupata joto, petroli iliyojificha hutoa mvuke, na tangi hupasuka mikononi mwa fundi. Pua si kipimo. Mafundi wengi wamepoteza macho, na wengine maisha, kwa neno hilo moja, "halinuki".

KULIFUNGUA NA KULIKAGUA

Funga koki, vuta mpira wa petroli, fungua nati za tangi na ulitoe taratibu. Toa petroli yote, kisha ufungue koki na chujio lake. Sasa angalia ndani kwa tochi ya betri, ukiwa umekwisha kuliosha tangi kwa maji ya moto na sabuni mara mbili tatu. Utaona mojawapo ya mambo matatu:

Kwanza, vumbi jekundu jepesi, na bati chini yake ni zima. Tangi hili hupona kwa siku moja.

Pili, magamba ya kutu yaliyoshikana, lakini ukibonyeza bati kwa kidole gumba kutoka nje halibonyei. Hili nalo hupona, ila lataka subira.

Tatu, bati linabonyea kama karatasi, au matundu ni mengi katika maungio. Hapa fikiri mara mbili. Gharama ya dawa na siku za kazi zaweza kupita bei ya tangi jingine. Kulitia viraka tangi la namna hii ni kuahirisha msiba.

Jaribu pia kwa sumaku. Sumaku isiposhika, tangi si la chuma, na dawa tutakazozitaja hazilihusu.

KUIONDOA KUTU

Kutu huondolewa kwa kitu kichachu. Maji ya betri na asidi kali nyingine usizitie. Zinakula chuma pamoja na kutu, na zinamuunguza mtu. Vitu viwili vinavyofaa vinapatikana dukani: siki, na ndimu ya unga. Siki hutumiwa kama ilivyo, bila kuzimuliwa. Ndimu ya unga huyeyushwa katika maji ya moto, gramu 50 hata 100 kwa kila lita moja. Tangi la lita 8 basi lataka baina ya gramu 400 na 800. Ndimu ya unga haina harufu kali na aghalabu hufanya kazi upesi zaidi. Kazi yenyewe fuata hivi:

1. Osha tangi kwa maji ya moto na sabuni mpaka utelezi wote utoke. Uchachu haupiti penye mafuta. Mtu akiruka hatua hii atalaumu dawa bure.

2. Magamba mazito yang'oe kwanza kwa mnyororo. Tia ndani mnyororo mwembamba wa urefu wa mkono, huku ncha yake moja ukiishikilia kwa waya nje. Tia maji kidogo, ulifunge tangi kwa blanketi kuukuu ili rangi isichubuke, kisha litikise kila upande. Wengine hutia nati na misumari. Mnyororo ni bora, kwa sababu huvutwa ukatoka wote, na nati moja iliyobaki ndani itakusumbua mwaka mzima. Mchanga usitie kabisa, hautoki.

3. Ziba tundu la koki kwa kizibo cha mpira au cha kukwangua. Usiirudishe koki nzima, maana uchachu hula madini yake. Paka grisi kuzunguka mdomo wa tangi nje, ili dawa ikimwagika isiharibu rangi.

4. Jaza dawa mpaka juu kabisa. Ukiacha nafasi, bati la juu halitapona, na pale maji yanapokomea utapatikana mstari wa kutu mpya. Kifuniko kiweke bila kukaza, kwa kuwa dawa ikifanya kazi hutoa hewa.

5. Acha usiku kucha, kisha tazama. Ndimu ya unga yaweza kumaliza kwa muda wa saa 8 hata 24. Siki yaweza kutaka siku mbili au tatu. Bati likionekana la kijivu, kazi imekwisha. Usiliache zaidi ya hapo, kwa kuwa kutu ikimalizika dawa huanza kula bati lenyewe. Dawa ikiwa nyeusi na kutu bado ipo, imwage utie mpya.

6. Mwaga dawa, suuza kwa maji, kisha tia maji yenye magadi soda, vijiko viwili vya chakula kwa kila lita, ili kuua uchachu uliobaki. Yatatoa povu, usifunge kifuniko. Tikisa, mwaga, suuza tena kwa maji ya moto.

KUKAUSHA NI NUSU YA KAZI

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza taabu yao yote. Bati lililosafishwa ni kama karafuu iliyotoka mtini: usipoianika siku ile ile huharibika. Mkulima anajua ya kuwa karafuu ikirundikwa mbichi hugeuka mpeta, na hakuna jua la kesho litakaloirudisha. Tangi nalo, likiachwa na maji, huota kutu mpya ya rangi ya chungwa katika muda wa saa moja tu.

Kwa hiyo fanya kazi hii asubuhi ya siku ya jua kali, wala si wakati wa masika. Maji ya mwisho yawe ya moto, ili bati lenye joto lijikaushe lenyewe. Pindua tangi yatoke matone yote, litikise, kisha puliza hewa ndani kwa pampu au kwa mashine ya kukaushia nywele, ikiwa umeme upo na tangi limekwisha kuoshwa kama tulivyoeleza. Usilianike juu ya jiko. Likishakauka, tia kikombe kimoja cha mafuta ya injini yaliyochanganywa na petroli kidogo, ulizungushe kila upande mpaka bati lote lipate utando, na umwage yaliyobaki.

TUNDU LIKIONEKANA

Kutu mara nyingine ndiyo iliyokuwa imeziba tundu, na ikiondoka tangi huvuja. Basi kabla ya kulirudisha lijaribu. Saga chaki, uichanganye na maji, upake upande wa chini nje, uache ikauke iwe nyeupe. Tia mafuta ya taa ndani ungoje saa moja. Mafuta ya taa hupenya hata tundu lisiloonekana kwa macho, na penye tundu chaki itaingia doa jeusi. Weka alama, kisha toa mafuta ya taa na uoshe tena kwa sabuni.

Tundu dogo la ncha ya sindano huzibwa kwa lehemu. Bati lisuguliwe mpaka ling'ae, kwa kuwa lehemu haishiki juu ya kutu wala rangi. Fundi alijaze tangi maji na kuliinamisha, tundu liwe juu na maji yawe chini yake kidogo tu. Kwa njia hii hakuna nafasi ya mvuke kukusanyika. Chuma cha kulehemu kipashwe moto kwenye jiko lililo mbali, kisha kiletwe kwenye tangi. Jiko lisiletwe kwenye tangi wala moto wa bomba usitumiwe. Lehemu huyeyuka karibu na nyuzi 190 za Selsiasi, joto ambalo chuma hicho hulileta bila ya kuwa na ndimi za moto. Baada ya kazi osha tena kwa magadi soda, kwa kuwa dawa ya kulehemulia nayo ni chachu na hula bati.

Matundu mawili matatu madogo yaweza pia kuzibwa kwa gundi ya epoksi iliyotengenezwa kustahimili petroli. Gundi za kawaida petroli huzilainisha.

Ukishikwa na uvujaji njiani, zima injini, ngoja ipoe, kisha usugue kipande kikavu cha sabuni ya mche juu ya tundu. Petroli haiyeyushi sabuni, nayo itashika kwa muda. Hii ni dawa ya kukufikisha nyumbani tu. Kumbuka ya kuwa katika Bantam tangi li juu ya injini, na tone linaloanguka juu ya silinda ya moto laweza kuwa la mwisho.

JE, TULIPAKE DAWA NDANI?

Zipo dawa za kupaka ndani ya tangi, aghalabu za epoksi, zinazofanya ngozi ngumu juu ya bati. Zinafaa kwa tangi lenye vitundu vingi vidogo. Lakini tangi lenye bati zima halizihitaji, maana usafi na uangalizi vinalitosha. Dawa hii ikipakwa juu ya kutu, unyevu au mafuta, hubanduka vipande vipande na kuziba koki vibaya kuliko kutu yenyewe, na kuitoa ni kazi ngumu mno. Baadhi ya dawa za zamani huyeyuka zikikutana na petroli iliyotiwa spiriti. Anayeamua kuitumia afuate maandishi ya mtengenezaji neno kwa neno, alizungushe tangi pole pole kila upande, amwage dawa yote iliyozidi, na asitie petroli kabla ya siku zilizoandikwa kutimia.

KULIRUDISHA, NA KULITUNZA

Kabla ya kulirudisha tangi, safisha chujio la koki, badilisha mpira wa petroli ukiwa mgumu, na ufungue kibakuli cha kabureta kutoa uchafu wa zamani. Tia chujio dogo kati ya koki na kabureta. Wenye Bantam wasisahau kuchanganya mafuta na petroli kama kawaida. Petroli tupu itaiua injini. Tia lita moja kwanza, ungoje nusu saa, upitishe kidole chini ya tangi. Likiwa kavu, jaza.

Baada ya hapo matunzo ni machache. Pikipiki ikilala, ilale na tangi limejaa. Ikiwa haitatembea miezi mingi, ama ijaze kabisa, ama toa petroli yote na uzungushe mafuta ya injini ndani, usiiache nusu. Mpira wa kifuniko ukipasuka, badilisha, kwa kuwa mvua ya masika hupita hapo. Petroli ya chupa au dumu iache itulie, kisha mimina ya juu tu na uache kikombe cha mwisho. Na kila kabla ya msimu, toa kidogo kwa koki uitazame katika chupa nyeupe. Kazi hiyo ni ya dakika tano.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye tangi lenye vumbi jekundu leo ana ufa mdogo wa kuziba kwa pakiti ya ndimu ya unga na jua la siku moja. Asiliache mpaka karafuu ziive.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini tangi lililo nusu huota kutu upesi kuliko lililojaa?
2. Kwa nini tangi hutoboka upande wa chini kwanza?
3. Ni hatua gani itanguliayo dawa ya uchachu, na kwa nini?
4. Fundi akikwambia, "Nitachomelea, limekauka na halinuki," utamjibu nini?
5. Kwa nini tangi hujazwa maji wakati wa kulehemu, na tundu huwekwa upande gani?
6. Ungefanya kazi hii mwezi gani katika kijiji chako, na kwa sababu gani?